Gari ya auto kwenye vilima vyetu: P siyo breki, tupaki kwa mpangilio

Mleta uzi (Mbeya mjini)

Wakuu, salamu kwenu nyote, hasa mnaoendesha huku Nyanda za Juu Kusini ambako sehemu ya tambarare ya kupaki ni ya kutafuta.

Nimeleta uzi huu kwa sababu ya jambo ninaloliona kila siku. Gari inapanda Itiji au Isanga, inasimama mbele ya geti, dereva wa gari ya auto (inayobadili gia yenyewe) anasukuma gia kwenye P, ile ya kupaki, anaachia breki, gari inarudi nyuma kidogo na kugota, "ko!", kisha anazima na kushuka. Hendibreki haijaguswa. Asubuhi akitaka kutoka, mkono wa gia umekaza. Anauvuta kwa nguvu zote, unachomoka kwa kishindo na gari nzima inatikisika. Wiki inayofuata yuko kwa fundi anaulizia bei ya gia boksi.

Mara nyingi gia boksi ile ni nzima. Kinachotesa ni namna ya kupaki, na kukirekebisha hakugharimu hata shilingi.

Tuanze na P yenyewe. Ndani ya gia boksi, kwenye shafti inayopeleka nguvu kwenye matairi, kuna gurudumu lenye meno. Ukiweka P, kipande kidogo cha chuma chenye ncha kinashuka na kuingia kati ya meno mawili, kama komeo la mlango. Basi. Hakuna pedi pale, hakuna kinachobana taratibu. Kile kijino kisipokuta nafasi wazi, gari itasogea mpaka nafasi ifike chini yake, ndiyo maana mnaona gari inarudi kidogo kabla ya kugota. IST ina uzito wa tani moja hivi, Prado inafika mbili na kupita. Ukiachia breki ukiwa mlimani na P peke yake, uzito wote huo umeegemea ncha ile ya chuma usiku kucha. Asubuhi unachomoa chuma kilichobanwa, na kile kishindo ndiyo sauti ya kijino kikitoka kwenye meno kwa nguvu.

Mpangilio unaotakiwa ni huu. Simamisha gari kwa breki ya mguu mpaka itulie kabisa. Mguu ukiwa bado kwenye breki, peleka gia N (huru). Vuta hendibreki. Sasa achia breki ya mguu polepole: utaona gari inajishusha kidogo kisha inakaa. Hapo uzito umehamia kwenye hendibreki, yaani kwenye matairi, mahali ulipotakiwa kuwa. Kanyaga breki tena, weka P, zima injini. P sasa imekaa pale kama akiba, haijabeba kitu.

Hatua ya kuachia breki ukiwa N ndiyo watu wanairuka, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Kama hendibreki yako imechoka, gari itaanza kuteleza wakati ule ule ukiwa umekaa kwenye usukani na mguu uko karibu na pedali. Heri uigundue hivyo kuliko kuambiwa na jirani.

Wakati wa kuondoka geuza mpangilio: kanyaga breki, washa, toa gia P upeleke D (mbele) au R (nyuma), ndipo uachie hendibreki. Ukianza kuachia hendibreki huku gia iko P na mguu umelegea kwenye breki, umerudisha uzito kwenye kijino na kishindo kiko palepale.

Kwa wale waliotoka kwenye manyuo (gari za klachi ya mguu), hapa kuna jambo la hatari. Manyuo ukiizima ikiwa gia ya kwanza, injini yenyewe inaizuia, kwa sababu injini na matairi vimeungana kwa klachi. Auto haiko hivyo. Kinachounganisha injini na gia boksi ni oili inayozungushwa, na klachi za ndani zinabanwa kwa presha ya pampu. Injini ikizimika pampu inasimama na presha inaondoka. Auto iliyozimwa ikiwa D ni sawa na iliyoachwa N: inateremka yenyewe. Ndiyo sababu hiyo hiyo huwezi kuiwasha kwa kuisukuma.

Na usiweke P gari ikiwa bado inatambaa, hata kama ni kidogo. Ule mlio wa "trrrr" ni ncha ya kijino inaruka juu ya meno na kujila.

La mwisho kwa sasa ni matairi ya mbele. Sisi tunaendesha kushoto. Ukipaki ukitazama chini ya mlima, kata usukani kushoto, gari ikiteleza tairi iguse ukingo. Ukipaki ukitazama juu na kuna ukingo wa zege, kata kulia, ili gari ikirudi nyuma, tairi ya kushoto iegemee ukingo. Kama hakuna ukingo, kata kushoto vyovyote vile utakavyokuwa umetazama. Najua mitaro yetu ya mawe ni mirefu na inatisha, ila gari ikilala mtaroni ni bampa na ekseli. Ikiteremka Sinde mpaka kwenye bajaji na mama wauza ndizi, hayo ni mambo mengine.

Karibuni.

Mchangiaji, Iringa (Ipogolo)

Kamwene mkuu. Uzi mzuri, huku kupanda kutoka Ipogolo kwenda mjini tunayajua hayo mateso. Swali: mzee wangu ana Harrier, breki ya kupaki iko chini kushoto, ya kukanyaga kwa mguu. Anasema fundi alimkataza kuitumia kwa sababu "inagandisha". Kweli?

Mleta uzi

Kamwene kaka, msalimie mzee.

Kugandisha kupo, lakini dawa si kuacha kuitumia. Hendibreki ya gari nyingi inavutwa na waya unaopita ndani ya mpira. Usipoutumia miaka, maji na vumbi vinaingia, kutu inashika, na siku utakapoivuta kwa dharura itavutika isirudi. Inayotumika kila siku ndiyo inayobaki laini. Ile ya kukanyaga ya Harrier, Mark X na Noah ni breki ileile, tofauti ni mahali ilipowekwa. Mwambie mzee aikanyage mpaka mwisho.

Kuna wakati mmoja ambapo huyo fundi ana hoja. Umeosha gari au umetoka kwenye mvua ya Machi, ukapaki na hendibreki, ukaiacha wiki kadhaa. Breki zinaweza kushikana na dramu kwa kutu. Makete na Kitulo, kwenye baridi ya Juni mpaka Agosti inayoleta barafu, maji yaliyoingia ndani yanaweza kuganda pia. Kama gari itakaa muda mrefu na iko tambarare, weka P, zuia tairi kwa jiwe au kipande cha gogo, mbele na nyuma, hendibreki usiivute. Mlimani ruhusa hiyo haipo.

Mchangiaji, Mbeya (Mwanjelwa)

Mimi naona mnakuza mambo. Nimeendesha auto miaka yote, naweka P tu, nashuka. Haijawahi kuteleza. Kama P haifai, Wajapani waliiweka ya nini?

Mleta uzi

Hoja yako naipa haki yake mkuu. Kijino kile ni chuma kigumu na hakivunjiki kirahisi. Ukipaki sokoni Mwanjelwa kwenye tambarare, P peke yake itakushikia gari na huenda usione tatizo mpaka unaiuza.

Shida inakuja unapoongeza mteremko, au gari nyingine ikikugonga nyuma ikiwa inatafuta nafasi. Msukumo ule wote unakwenda kwenye kipande kimoja kidogo, na kikiharibika gia boksi inafunguliwa. Viatu vya breki vikiisha, unabadilisha viatu.

Halafu P inashika matairi yanayoendeshwa na injini tu. Kwenye IST, Vitz na Passo ni ya mbele. Hendibreki inashika ya nyuma. Ukizitumia zote mbili umeshika matairi manne. Kwenye Mark X na Crown za kawaida zinazoendeshwa kwa matairi ya nyuma, P na hendibreki zote zinashika nyuma, kwa hiyo kukata usukani kunakuwa na maana zaidi.

Kuhusu P iliwekwa ya nini: gia boksi ya kwanza ya auto iliyouzwa kwa wingi, Hydra-Matic ya General Motors, iliingia kwenye Oldsmobile za mwaka 1940 na haikuwa na P kabisa. Dereva alizima injini akaweka gia ya kurudi nyuma, ndiyo ikafunga. P ilikuja baadaye kama msaidizi.

Mchangiaji, Mbeya (Forest)

Samahani kaka, mimi gari yangu ni ya kubonyeza kitufe. Kuna siku nabonyeza inazima, nafunga mlango inalia pi pi pi, asubuhi betri imekufa. Nilishabadilisha betri. Fundi umeme amekagua hajaona kitu.

Mleta uzi

Dada, kabla hujatumia hela nyingine angalia mkono wa gia ulikuwa wapi ulipobonyeza. Kwenye Toyota nyingi za kitufe, ukibonyeza kuzima gia ikiwa N au D, injini inazimika lakini umeme unabaki kwenye ACC (umeme wa vifaa bila injini). Redio na vifaa vingine vinakula betri usiku kucha. Ile pi pi pi gari inakuambia haijazimwa. Rudi ndani, kanyaga breki, weka P, hendibreki ikiwa imevutwa achia breki ya mguu (ukiishikilia injini itawaka), ndipo ubonyeze tena mpaka dashibodi yote iwe giza. Gari za ufunguo zina ulinzi wake: ufunguo hautoki mpaka gia iwe P. Kitufe kimeuondoa ulinzi huo, kimeacha mlio tu, na mlio watu tunaupuuza.

Nichukue nafasi hii niseme jambo ambalo kwangu ni zito kuliko gia boksi. Gari za siku hizi zinaweza kuwa kimya kabisa zikiwa zimewashwa. Vitz na Note nyingi za miaka ya karibuni zinazima injini zenyewe ukisimama. Kuna taa ndogo inakujulisha, lakini mtu mwenye haraka anaona kimya, anashuka akidhani amezima, gia bado D. Akiachia breki injini inaamka na gari inaondoka. Prius, Aqua na haibridi nyingine (za petroli na umeme) ndiyo zaidi: neno READY likiwa limewaka kwenye dashibodi, gari iko hai hata kama husikii kitu, na injini ya petroli itajiwasha yenyewe betri ikishuka.

Sasa fikiria hiyo ndani ya gereji iliyofungwa, iliyoungana na nyumba, Njombe au Mbeya mwezi wa Julai, madirisha yote yamefungwa kwa baridi. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inaua watu wakiwa usingizini. Marekani watu wamekufa kwa namna hii hii kwenye gari za kitufe, na mwaka 2019 Toyota ilitangaza kwamba kuanzia modeli za 2020 kule gari zake zitajizima zenyewe zikiachwa zinaunguruma. Zetu nyingi zimetengenezwa kabla ya hapo. Kwa hiyo tazama dashibodi kabla ya kushuka, rimoti toka nayo, na tabia ya kupasha injini moto asubuhi gereji ikiwa imefungwa iachwe leo hii. Toa gari nje.

Mchangiaji, Iringa (Gangilonga)

Hapo kwenye kushuka gia ikiwa bado D umenikumbusha yule mwigizaji wa Marekani aliyebanwa na Jeep yake.

Mleta uzi

Ndiyo, Anton Yelchin, Juni 2016, nyumbani kwake Los Angeles. Gari yake ilikuwa Jeep Grand Cherokee ya 2015, ikateremka ikambana kwenye nguzo ya matofali na uzio. Zile gari zilikuwa na mkono wa gia ambao ukiusukuma unarudi katikati, hauonyeshi kwa kuutazama au kuushika kama uko P, R au N. Unategemea taa tu. Kampuni ilikuwa imeshatangaza kuziita gari hizo zirudi kurekebishwa, takribani milioni 1.1, mwezi Aprili mwaka huohuo kwa sababu madereva walikuwa wanashuka wakiamini wameweka P.

Gari za mkono wa aina hiyo, za vitufe na za kuzungusha zinaingia nchini sasa. Kwa hizo, macho yaone herufi P kwenye dashibodi, ndipo mguu utoke kwenye breki.

Mchangiaji, Makambako

Mimi ni Prado ya dizeli, safari zangu Dar na kurudi. Nikimaliza Kitonga nasimama Ilula kununua nyanya. Nizime mara moja au niache iungurume kwanza? Kila mtu ana lake. Na kuna wanaosema piga resi moja kubwa ndiyo uzime.

Mleta uzi

Resi usipige. Hilo ni la enzi za kabureta na halina kazi kwenye injini ya sindano. Kwa dizeli yenye tabo (turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi kusukuma hewa kwenye injini) ni hatari, kwa sababu unaizungusha tabo kwa kasi halafu unaizima, oili inaacha kuja wakati bado inazunguka na ina moto mkali.

Ukipanda Kitonga na mzigo, tabo inawaka. Iache injini iungurume dakika moja mpaka mbili ukiwa umesimama, oili ipoze beringi, kisha zima. Kama kilomita za mwisho umetembea taratibu, hiyo imeshapoa njiani, zima tu. IST na wenzake wasio na tabo hawana haja ya kusubiri. Feni ikiendelea kuzunguka baada ya kuzima, iache, inafanya kazi yake.

Ila nikuongezee la wakati wa kushuka. Ukiteremka Kitonga, au ukitoka Mbeya kwenda Tukuyu, umekanyaga breki sana, diski zimepata moto. Chuma cha moto kimetanuka. Ukivuta hendibreki pale pale ukaondoka kunywa chai, diski inapoa, inasinyaa, na kwa gari ambazo hendibreki inabana diski ya nyuma yenyewe, ile nguvu ya kubana inapungua. Gari iliyokuwa imetulia inaweza kuanza kuteleza baadaye hakuna mtu ndani. Ivute mpaka mwisho, weka P, kata usukani, na kama ni mteremko mkali weka jiwe.

Mchangiaji, Mbeya (Iyunga)

Yangu asubuhi imekataa kutoka P kabisa, na niko tambarare. Kijino?

Mleta uzi

Tambarare siyo kijino. Mwambie mtu asimame nyuma ya gari, ukanyage breki. Taa za breki zinawaka? Kama haziwaki, angalia fyuzi na swichi ndogo iliyo juu ya pedali. Gari haitoi P mpaka ipate taarifa kwamba umekanyaga breki, na swichi hiyo ndiyo inayoipeleka. Ni kifaa kidogo. Pembeni ya mkono wa gia kuna kitundu au kifuniko kimeandikwa SHIFT LOCK, ukibonyeza humo ukiwa umeshika breki gia itatoka, uendeshe mpaka kwa fundi. Lakini kama taa haziwaki, twende polepole, wa nyuma yako hawakuoni ukifunga breki.

Kwa aliyebanwa mlimani kweli: asing'ang'ane na mkono wa gia. Akanyage breki, watu wawili watatu waisukume gari kidogo kuelekea juu, gia itatoka yenyewe bila kelele.

Mchangiaji, Mbeya (Iyunga)

Taa haziwaki. Ndaga fijo mkuu, naenda kwa fundi umeme.

Mchangiaji, Uyole

Mimi yangu ina kitufe cha Auto Hold. Naweza kukitegemea nikipaki?

Mleta uzi

Hapana. Hicho ni cha foleni. Kinashikilia breki kwa presha wakati gari imewashwa na wewe umo ndani. Cha kupaki ni kile chenye P ndani ya duara: kivute au kibonyeze, usikie kamota kanabana nyuma, taa nyekundu iwake. Gari nyingine zinakiweka zenyewe ukizima, nyingine hazikiweki. Usikisie, tazama ile taa.

Mchangiaji, Uyole

Sawa. La mwisho. Pancha ikinikuta pale Mlima Nyoka, gari yangu ni Passo, nikiweka P inatosha nipige jeki?

Mleta uzi

Haitoshi, na hili limeumiza watu. Passo P inashika matairi ya mbele kupitia difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia). Difu inaruhusu tairi moja izunguke mbele na nyingine nyuma. Matairi yote mawili yakiwa chini hakuna tatizo. Ukiinua moja la mbele kwa jeki, lile la hewani linakuwa huru, linazunguka kinyume, na la chini linaachia. P iko P na gari inateremka kutoka juu ya jeki.

Kwa hiyo kama gari bado inatembea, sogea taratibu mpaka pasipo na mteremko, hata kama ringi itaumia kidogo. Ukishindwa, weka pembetatu nyuma mbali, abiria washuke wote na wakae upande wa mtaro. Hendibreki mpaka mwisho, P, na mawe mawili makubwa upande wa chini wa mteremko, kwenye matairi ambayo huyainui. Nati zilegeze tairi likiwa bado chini, ndipo uinue. Na tairi la akiba lisukume chini ya bodi karibu na jeki kabla hujaanza kuchomoa nati, jeki ikikimbia bodi idondokee tairi.

Mawe pale Mlima Nyoka usiku huyapati haraka. Kata vipande viwili vya mbao nzito vyenye umbo la kabari, viweke kwenye buti leo.